Barabara ya Zambia: ilivyogeuzwa na mzigo, kutoka Ubungo hadi Tunduma

Ukiitazama barabara kuu ya T1 kwenye ramani unaweza kudhani ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, pembeni ya Iringa, Makambako na Mbeya, inakwenda kugonga mpaka wa Zambia pale Tunduma, kilomita zaidi ya 900. Lakini haikupangwa hivyo. Ni vipande viwili vya barabara vyenye asili tofauti, vilivyounganishwa kwa haraka na mgogoro wa kisiasa uliotokea nchi nyingine. Asiyelijua hilo hushangaa kwa nini njia hii ina milima migumu kiasi kile, kwa nini lami yake inachakaa mapema, na kwa nini malori yanapanga foleni mahali ambapo hakuna mji wa maana.

Kipande cha kusini magharibi, kuanzia Tunduma hadi Iringa, kilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini ya enzi ya Waingereza, ile ndoto ya kwenda kwa gari kutoka Cape Town hadi Cairo. Barabara hiyo haikuwa na shida na Dar es Salaam. Ilipofika Iringa ilikata kwenda Dodoma, ikapita Kondoa na Babati, ikatokea Arusha na kuendelea Nairobi. Kutoka Iringa kushuka Morogoro na pwani ilikuwa ni tawi. Mpaka leo, mradi wa barabara za bara zima la Afrika unapochora njia ya Cairo hadi Cape Town, hauifuati T1 yote. Unaiacha T1 pale Iringa na kufuata barabara ya T5 kupitia Dodoma. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa na lami mwaka 2018 tu. Ndiyo kusema ule mhimili wa zamani ulisubiri lami kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya tawi lake kuipata.

Kilichobadilisha mambo ni tarehe 11 Novemba 1965. Siku hiyo serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa upande mmoja kule Rhodesia, Zimbabwe ya sasa. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wiki chache. Shaba yake ilikuwa inatoka kwa reli ya Rhodesia, na mafuta yake yanaingia kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Desemba mafuta yakakatika. Tanzania nayo ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huo huo kwa sababu ya Rhodesia. Zambia ikabaki na ndege za kubeba mafuta, ambazo kwa gharama zake hazikuweza kuwa suluhisho la kudumu, na barabara ya kwenda Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba lami yenye maana ilikuwa inaishia Morogoro. Kuanzia hapo hadi ndani ya Zambia ilikuwa udongo na changarawe, njia iliyotengenezwa kwa malori machache ya kilimo. Ghafla ikabebeshwa mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi. Pipa moja la lita 200 likijazwa petroli linakaribia kilo 170 ukihesabu na chuma chake; lori la mapipa 50 linafikisha lita 10,000 tu, kwa hiyo ili nchi ipate mafuta ya kutosha ilibidi malori yawe mengi na yasisimame. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja, Zambia Tanzania Road Services, yenye malori ya Fiat na ubia wa Waitaliano. Kiangazi vumbi lilifunika gari la mbele kiasi kwamba dereva alikuwa anakisia. Masika udongo uligeuka utelezi na gari likikwama kwenye mpando, yote ya nyuma yamekwama. Njia ikapewa jina la Njia ya Jehanamu, na hakuna aliyeipitia aliyeona jina limezidishwa.

Ndani ya miaka kumi yakajengwa mambo matatu kuikomboa Zambia, kila moja kwa fedha za upande wake wa vita baridi. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi mwaka 1968. Barabara iliwekwa lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970, kwa mikopo na misaada ya Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa na China kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshasema reli haitalipa na kwamba barabara inatosha. Kuhusu reli kulipa, hesabu za miaka iliyofuata haziwapi makosa sana. Kuhusu barabara kutosha, walikosea kabisa, maana reli iliposhindwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilizokusudiwa, mzigo wote ule ulimwagikia lami ambayo haikupimwa kuubeba.

Ubungo hadi Morogoro

Kipande hiki kinajulikana sana, kwa hiyo nitakipita upesi. Kutoka daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa mwaka 2021, barabara ni pana, njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Baada ya hapo inarudi kuwa njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na hapo ndipo safari ya kweli inapoanza. Mlandizi, mto Ruvu, Vigwaza, kisha Chalinze, kama kilomita 107 kutoka mjini, ambapo magari ya Tanga, Moshi na Arusha yanachepuka kulia kuelekea Segera. Mipango ya kujenga barabara ya kulipia ya kilomita 205 kutoka Kibaha hadi Morogoro ipo, na kipande cha kwanza ni Kibaha hadi Chalinze. Kwa abiria wa Morogoro na Dodoma, treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imepunguza sana haja ya kuwa kwenye lami hii. Kwa mzigo wa Zambia haijapunguza kitu, maana unaachana na reli hiyo pale Msamvu.

Jambo moja la vitendo kwa anayenunua kiwanja kandokando ya T1. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kipimo kinaanzia katikati ya barabara. Wengi hupima kuanzia ukingo wa lami na kujidanganya kwa mita tatu au nne. Alama ya X nyekundu maana yake jengo liko ndani ya eneo ambalo tangu zamani lilikuwa la barabara, halina fidia. X ya kijani ni ya waliofikiwa na ule upanuzi, wanaostahili kulipwa. Na usidhani mita 30 ni kila mahali. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya ilitumia mita 121.5 kila upande, kwa sheria za enzi ya ukoloni. Kabla ya kutoa pesa, nenda ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ukaulize hifadhi ya pale pale kiwanja kilipo. Muuzaji hawezi kukwambia.

Mzani

Mizani ya Vigwaza na Mikese upande wa pwani, Wenda karibu na Iringa, Makambako, na Mpemba kabla ya Tunduma, ndiyo milango halisi ya barabara hii. Abiria wa basi huiona kama kero ya dakika kumi. Kwa mwenye lori ni mahali ambapo faida ya safari huamuliwa.

Sheria inayotumika ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Ekseli ya usukani yenye matairi mawili: tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne: tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana: tani 18. Tatu zilizofuatana: tani 24. Uzito wote wa gari na mzigo usizidi tani 56, na hizo ni kwa gari la ekseli saba. Semi ya kawaida yenye kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu inapata 8 na 18 na 24, jumla tani 50. Ikiwa tupu ina kama tani 17, basi mzigo wake ni tani 33. Hesabu ni rahisi, na bado watu wanakamatwa kila siku.

Sababu kubwa ni mpangilio wa mzigo, na shaba ndiyo inayofundisha vizuri kuliko mzigo mwingine wowote. Vibao vya shaba safi ni vizito kuliko vinavyoonekana. Lori lililojaa kwa sheria linaonekana kama limebeba nusu: mafungu machache yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma yamelala chini kwenye bodi, juu ni hewa tupu. Kila fungu linaweza kuwa na tani mbili na zaidi. Fungu moja likisogezwa mbele hatua moja, uzito unahama kutoka ekseli tatu za nyuma kwenda kwenye mbili za kichwa. Gari linaweza kufika mzani likiwa na tani 49 kwa jumla, chini ya kiwango, lakini ekseli mbili za kichwa zina tani 19.5. Kwenye ekseli kuna uvumilivu wa asilimia 5, kwa hiyo mwisho wake ni tani 18.9. Hilo halipiti. Hapo dereva anatakiwa kupanga upya mzigo, na kupanga upya shaba bila foklifti porini ni shughuli ya siku nzima. Kosa lilifanyika kule kwenye kupakia, mamia ya kilomita nyuma, na aliyelifanya ameshalala.

Kwa nini ukali wote huu? Kwenye jaribio kubwa la barabara lililofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, iligundulika kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sambamba na uzito. Unakaribia kuongezeka kwa uzito uliojizidisha wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 ina uzito wa ziada wa asilimia 20, lakini inaharibu zaidi ya mara mbili. Ekseli ya gari dogo yenye kilo 750 ukiilinganisha na ile ya tani 10, tofauti ya uharibifu inazidi mara 30,000. Ndiyo maana lawama za magari madogo kwamba yanaharibu barabara ni maneno ya kijiweni. Hata magari madogo yangejipanga kutoka Ubungo hadi Tunduma usiku na mchana, lami isingeyahisi.

Hifadhini na mabondeni

Morogoro haifai kupitwa bila kutaja Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 tenki la mafuta lilipinduka karibu na hapo, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Takriban watu 100 walikufa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa chini, unajaa mitaroni na kuzunguka miguu ya watu, na cheche ya betri ya pikipiki inatosha. Kwenye barabara yenye matenki mengi kama hii, ukikuta moja limelala, simamisha gari mbali, upande upepo unakotoka, zima injini na usiiwashe tena kwa ajili ya kusogea karibu uone.

Baada ya Doma unaingia Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, miaka michache kabla ya lami. Barabara inaikata kwa karibu kilomita 50. Vibao vya mwendo hapa si mapambo, na faini ya kugonga mnyama imepangwa kwa aina ya mnyama na kwa dola. Twiga peke yake anaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe. Hatari ni kuanzia jioni. Nyati na tembo hawarudishi mwanga wa taa kama swala. Unaona giza limesimama mbele yako, na likisogea umeshachelewa. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio la karibu miaka thelathini, kipande hiki kilianza kupitwa saa mbaya kuliko zote. Mji wa Mikumi ndio njia panda ya Kidatu na Ifakara. Ukiwa na gari dogo jaza mafuta hapa au hakikisha yanatosha kufika Iringa, maana mpando ulioko mbele unakula zaidi ya unavyokadiria.

Kisha barabara inashuka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu na magunia ya vitunguu, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Hapo ndipo chini kabisa. Mbele yako kuna Kitonga.

Kitonga

Mlima huu ndio unaoonyesha kwamba njia hii ya pwani ilikuwa tawi. Aliyetaka kutoka Iringa kwenda kaskazini hakuwa na haja ya kuushuka. Ni shughuli ya kubeba shaba hadi baharini iliyoulazimisha. Kutoka Mahenge barabara inajibana kwenye ubavu wa korongo, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, kona juu ya kona kwa kilomita kama kumi, mpaka inapopumua kuelekea Ilula. Lori moja likifa katikati, hakuna pa kulipita.

Anayepanda ana shida ya injini. Anayeshuka ana shida kubwa zaidi, na watu wengi hawaielewi. Lori la tani 50 linaposhuka mita 100 za kimo, nguvu inayoachiwa ni megajuli 49. Joto hilo lingechemsha lita 140 za maji ya kawaida. Kitonga kina mita 100 nyingi. Joto hilo lote lazima liende mahali: kwenye injini, au kwenye breki. Likienda kwenye breki, ngoma za chuma zinapanuka na kujitenga na viatu vya breki, kwa hiyo kiatu kinatakiwa kusafiri mbali zaidi ili kugusa. Dereva anaongeza kukanyaga, joto linaongezeka, na mwisho kanyagio linafika chini huku gari likizidi kwenda. Watu wanasema breki zimefeli. Mara nyingi hazikuwa na ubovu wowote pale juu, zilipikwa njiani.

Namna ya kushuka inajulikana kwa kila dereva mzoefu, na inavunjwa na kila mwenye haraka. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ile ile ambayo ungepandia mlima huo na mzigo huo. Ukisubiri mpaka mwendo umeshapanda, gia haitaingia, na gari lililo kwenye gia huru ni mzigo unaoteleza tu. Acha breki ya eksozi au ritada, zinazopunguza mwendo bila kutumia viatu vya breki, ifanye kazi kubwa. Breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue kwa kilomita kama 10 kwa saa, kisha iachiwe ipoe; kuigusa kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakoipika. Geji ya upepo isiachwe machoni. Ikishuka kuelekea bari 4, king'ora kikilia, simama wakati bado unaweza, kwa sababu upepo ukizidi kuisha zile breki za springi zitakamata zenyewe, mahali zinapotaka zenyewe, ikiwa katikati ya kona basi ni katikati ya kona. Wanaozima injini au kuweka gia huru ili kubana mafuta mteremkoni wanajua wanachofanya, na ndiyo maana siwaonei huruma wanapojitetea.

Wewe wa gari dogo kazi yako ni moja, kuacha nafasi. Usikae nyuma ya lori linalopanda kwa kasi ya mtu anayetembea, ukiwa umebanana nalo. Likikatika kuunganisha gia linarudi nyuma mita kadhaa kabla ya kushika. Matawi ya miti yaliyotupwa barabarani kabla ya kona maana yake kuna gari limeharibika mbele. Pembetatu ndiyo sheria, lakini matawi ndiyo utakayoyakuta. Geji ya joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi, na ikibidi washa hita ya ndani. Utatokwa jasho, injini itapona.

Nyanda za juu

Baada ya Ilula yenye nyanya zake, unapita Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikimaliza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Kumbukumbu ipo karibu na barabara na mabasi huipita kwa kasi ya ajabu. Barabara haipandi Iringa mjini. Inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Ndogo. Mabasi ya masafa hushushia stendi ya Igumbilo, kwa hiyo mgeni ajiandae na daladala ya kumpandisha mjini.

Kuanzia Iringa, hii ndiyo ile barabara ya zamani yenyewe, na inaonekana. Inafuata migongo ya vilima, haipigani na milima. Ifunda, Mafinga, misitu ya Sao Hill pande zote mbili, kimo kinakaribia mita 1,900. Malori ya magogo na mbao yanaingia kutoka pembeni bila mwendo, mara nyingi kwenye ukungu. Ukungu wa Mufindi ni mnene asubuhi, na anayewasha taa kubwa anajipofusha mwenyewe; taa ndogo na mwendo wa kuona unakosimama. Kipande cha Iyovi hadi Mafinga kilikarabatiwa kwa fedha za Denmark, na kile cha Mafinga hadi Igawa, karibu kilomita 138, kilijengwa upya kwa mikataba miwili iliyogawanyika Nyigo. Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea, na ndipo TAZARA, iliyokuja kwa njia yake kupitia Kidatu na Mlimba, inakutana na barabara. Kuanzia hapo reli na lami vinakwenda pamoja hadi mpakani, kimoja kikiwa kitupu kwa muda mwingi na kingine kimejaa.

Kushuka kutoka Igawa ni kwenye tambarare ya Usangu, mpunga wa Igurusi, joto tena. Pale Chimala kuna tawi la kupanda Matamba kwa kona 57, ambalo haliwahusu wenye haraka.

Halafu mpando wa Inyala kuelekea Uyole, na hapa lami inaonyesha ugonjwa wake. Utaona mifereji miwili iliyobonyea kwenye upande wa malori, kina cha kiganja, na katikati tuta. Lami ikipata joto inakuwa kama nta, na lori linalopanda polepole linakaa juu ya kila sehemu kwa muda mrefu zaidi kuliko linalokimbia. Muda huo ndio unaoisukuma pembeni. Kwa hiyo mifereji hutokea kwenye mpando, upande wa kupandia, karibu na mizani na kwenye matuta ya vijijini, si kwenye tambarare. Mvua ikinyesha mifereji inakuwa mito. Ukitaka kulipita lori hapa, usitoke kwenye mfereji ghafla; tairi likipanda lile tuta la katikati kwa mshazari, usukani unakutoka. Toka kidogo kidogo, au usitoke.

Uyole ndiyo njia panda ya Tukuyu, Kyela na Malawi. Stesheni ya TAZARA hapo ndiyo sehemu ya juu kabisa ya reli yote, karibu mita 1,790. Kutoka Uyole, Mlima Nyoka, hadi Mbalizi, barabara ya kimataifa ilikuwa inapita katikati ya jiji, soko, bodaboda, wanafunzi na matenki kwenye lami ile ile ya njia mbili. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ndiyo jibu lililokuja kwa kuchelewa sana. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi unashushwa kwa kanuni zile zile za Kitonga, isipokuwa hapa chini kuna watu.

Tunduma

Mbalizi, Mlowo, Vwawa, na kama kilomita 105 kutoka Mbeya umefika. Foleni ya malori huanza kabla ya mji, wakati mwingine huko Mpemba na nyuma yake. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, ili gari likaguliwe mara moja na nchi zote mbili. Kimesaidia abiria na magari madogo zaidi ya malori. Foleni ya malori haianzii kwenye kukagua; inaanzia kwenye nyaraka ambazo hazijafika, mfumo uliolala upande mmoja, au kizuizi kilichotokea Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, mamia ya kilomita mbele, ambacho kinarudi nyuma hadi Vwawa. Wakala akiwasilisha nyaraka lori likiwa bado Makambako, gari linaweza kupita siku ile ile. Akisubiri dereva afike na karatasi mkononi, dereva atanunua godoro.

Upande wa mafuta, TAZAMA iliacha kusukuma mafuta ghafi na kuanza kusukuma dizeli iliyosafishwa mwaka 2023, na hilo limeondoa sehemu ya matenki barabarani. Petroli bado inakwenda kwa tairi.

Ukivuka na gari lako: kadi ya gari yenye jina lako au barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, bima ya COMESA ya kadi ya njano iliyokatwa Tanzania kabla ya kufika, cheti cha homa ya manjano, na pesa za ada za barabara za Zambia. Vishoka watakaokukimbilia dirishani wanauza kile ambacho dirisha la ofisi linatoa kwa bei ya kawaida. Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Saa 12 jioni Tunduma ni saa 11 Nakonde. Barabara inaacha kuitwa T1 na kuwa T2, na Kapiri Mposhi iko kilomita zaidi ya 800 mbele.